Pipa Lililosomewa Dua

Siku ya tatu Sikudhani alilikuta pipa la mafuta ya taa dukani mwao bado limefunikwa, na mumewe Mbaraka amesimama kando yake akilisomea dua. Alikuwa amemimina humo dumu zima la petroli kwa makosa, na sasa alingoja ipande juu aichote, kama mafuta yanavyoelea juu ya maji.

“Subira, mama Rukia. Yatatengana.”

“Mume wangu, hayo ni ndugu wa tumbo moja! Yalilala pamoja chini ya ardhi dahari na dahari, hayakuachana. Kiwandani huchemshwa mpaka yawe mvuke. Petroli hutangulia, mafuta ya taa hufuata, lami hubaki chini. Moto ndio unaoyatenganisha. Wewe unayasomea dua!”

“Kwani Mungu anashindwa?”

“Hashindwi. Ndiyo maana alikupa pua.”

Alichukua bilauri mbili. Moja akaichotea juu ya pipa, nyingine akaijaza kwa mpira uliofika chini kabisa, akaziweka mezani.

“Haya, ipi ya juu?”

Mbaraka alinusa moja, akanusa nyingine, akarudia. Zote zilinuka petroli.

“Ukiuza hayo,” Sikudhani alisema, “taa zitawalipukia watu usoni.”

Mara akaingia jirani yao, Bi Kijakazi, na chupa mkononi.

“Nipimie ya taa, mwanangu. Wajukuu wanasoma, giza linaingia.”

Mbaraka alishika kipimo. Mkono wake mwingine ulikandamiza kifuniko cha pipa kisifunuke.