Turubai la Bi Mwanatumu

Mumewe alikuwa bado ndani, hajazikwa, Bi Mwanatumu alipokwenda manispaa kuomba kibali cha kufunga njia, asimamishe turubai la matanga.

“Vibali vimesimama, shangazi, mpaka mashindano yaishe,” karani akamwambia. “Hata wachimba mtaro wa njia yenu wameambiwa watue majembe. Wageni wa mpira watapita hapo.”

“Na watu wa msiba wakae wapi, mwanangu? Chumba ni kimoja, na maiti yumo.”

“Waingie kwa zamu.”

Akarudi na karatasi yake vilevile. Akina mama walikwisha kukaa ukingoni mwa mtaro ulioachwa nusu, miguu shimoni, wakilia juani. Mbele yao wafanyakazi wa manispaa walikuwa wakivuta kitambaa kirefu chenye picha za mpira, wageni wasije wakaliona shimo.