Pipa Lililoungua

Keziah alitupia majani makavu zaidi kwenye moto uliokuwa ukiwaka ndani ya pipa, akarudi nyuma na kulitazama likiungua. Mumewe Jotham alikuwa amemwambia achome kidogo tu, mpaka itoke harufu ya samaki wa chumvi waliokuwa wakihifadhiwa humo. Harufu ilikuwa imeshatoka zamani. Sasa ubao wenyewe ndio uliokuwa ukigeuka mkaa.

Alipoona ndani pamekuwa peusi pote, akamwaga maji, akahamia pipa la pili. Jotham alikuwa bondeni kwenye mtambo wake wa kupikia wiski ya mahindi, hakuona kitu. Enos, mwana wao, alifunga vifuniko bila kuuliza.

Kila mwanamke wa huku Kentucky anajua kwamba chungu kikiungua, maharage yote yananuka moshi, hata utie nini. Keziah aliamini na wiski ni hivyo hivyo. Watu wa New Orleans wangeionja, wangeitema, na Jotham angerudi amekoma kupika. Mahindi yangeliwa na nguruwe, na nyumba ingepumua.

Hakuwa mwendawazimu. Wiski ilimlaza baba yake kifudifudi kwenye kijito ambacho maji yake hayafiki hata magotini. Kisha ikamchukua kaka yake, Barnaba. Aliyembakia ni huyo Enos, kijana wa miaka ishirini, mtoto wa pekee. Na Jotham alikwisha kuapa kwamba safari hii ikienda vizuri, mtambo unakuwa wa Enos.

Faraja yake ilikuwa moja: Enos hakuweza kuimeza. Kila karamu ya kumenya mahindi, wanaume walimjazia kikombe cha wiski nyeupe, mbichi kutoka mtamboni, wakamzunguka.

"Kunywa, bwana! Au bado unanyonya?"

Enos alipiga funda moja, macho yakamtoka, kisha akakimbilia nyuma ya ghala kutapika.

"Inachoma, jamani! Nyie makoo yenu ni ya ngozi ya ng'ombe?"

Wanaume walicheka hadi kushika mbavu. Keziah alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Lakini alijua koo nalo hufundishika, na mazoea yana tabu.

Mapipa yakajazwa wiski kwa tundu la ubavuni, hivyo hakuna aliyeona ndani, yakakaa ghalani majira yote ya baridi yakingoja mto ufurike. Maji yalipopanda, Jotham na majirani wawili wakayapakia kwenye mashua pana kuyapeleka New Orleans. Pipa dogo moja likakosa nafasi.

"Liache ghalani," Jotham alisema. "Enos, utapalilia mahindi, na hili pipa ulilinde."

"Huyu mlinzi hana hasara," jirani mmoja alidakia. "Labda lingekuwa la maziwa."

Wakaondoka wakicheka, na Enos akacheka nao.

Kiangazi hicho Enos alibadilika. Aliimba akipalilia. Joto lilipozidi alihamishia godoro lake ghalani, na akashika tabia ya kutafuna majani ya nanaa kutwa.

"Mashavu yameiva, mwanangu," mama yake alimwambia.

"Jua la shamba hilo, mama."

Keziah alifurahi. Alijiambia kwamba hivi ndivyo kijana anavyokuwa akiondolewa mtambo shingoni.

Usiku wake, hata hivyo, haukuwa na raha. Mashua zile hazipandi mto; wanaokwenda huziuza kama kuni hukohuko, kisha hurudi kwa miguu kupitia msituni. Waume wa wenzake, waliokwenda kwa mashua nyingine, walikwisha kurudi. Jotham na wale majirani wawili hawakuonekana. Keziah akaanza kuwaza kwamba watu wa New Orleans wameonja, na hawakuishia kutema. Alitaka kuharibu pombe. Hakutaka kuua mtu. Aliogopa hata kuomba, maana angeanza vipi?

Aliporudi hatimaye, Jotham alimkuta uani akitwanga mahindi. Alikuwa amekonda, viatu vimefunguka midomo. Hakumsalimu.

"Keziah. Nani alichoma yale mapipa hadi yakawa mkaa?"

Mchi ukamponyoka. "Mimi."

"Nilikwambia kidogo."

"Nilisikia." Akainua kidevu. "Nilitaka iharibike, Jotham. Nilitaka waiteme. Kama ni kunipiga nipige, ila mwanangu humpi ule mtambo."

Jotham alimkodolea macho. Kisha akaketi chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Iharibike? Mwanamke wewe! Imetoka nyekundu, tamu, inateleza kooni kama asali. Watu walisukumana! Wake za watu, mapadri, mpaka watu ambao hawajawahi kugusa wiski maishani mwao. Wameniambia ile nyeupe nisiwapelekee tena."

Keziah akauokota mchi. Alikuwa amekusudia kuiua, kumbe ameipendezesha.

"Njoo uonje mwenyewe uliyoyatenda," Jotham alisema, akiinuka. "Si tuna lile pipa dogo?"

Enos alikuwa amesimama mlangoni pa ghala.

"Baba, umetoka mbali. Ungekula kwanza."

"Nitakula baadaye." Jotham alimsukuma kando kwa mzaha, akaingia, akaligonga pipa kwa vidole.

Likalia kama ngoma.

Aligonga tena, chini zaidi, karibu kabisa na ardhi. Ngoma ile ile. Kicheko kikamkauka. Keziah akamgeukia mwanawe.

"Usilie, mama," Enos alisema, akitafuta nanaa mfukoni. "Hii haichomi."