Pini ya Nywele

Jumatano, tarehe kumi na nne Mei, gari la wagonjwa lilikosa mafuta, na Mwanaidi akafia kwenye kochi akilisubiri. Wakubwa walikuja msibani, wakala pilau, wakaahidi mafuta.

Ndiyo maana leo mumewe, Mzee Shomvi, alikuwa amepiga magoti kando ya gari lake. Binti yao Zamda alikaribia kujifungua, na breki zilikuwa zinalia.

"Baba, si umwite fundi?"

"Mafundi na wakubwa ni baba mmoja, mama mmoja. Nitakupeleka mwenyewe."

"Haya, fundi. Mjukuu wako asizaliwe kabla tairi halijarudi."

Shomvi alikuwa hajawahi kubadilisha pedi za breki maishani mwake. Alitoa tairi, akachungulia. Pini ya kuzuia pedi isichomoke haikuwepo. Mahali pake palikuwa na pini nyeusi ya nywele, imekunjwa kwa koleo, vizuri kabisa.

"Si ya mama hiyo?" Zamda alisema.

Shomvi aliitoa, akaifuta kwa shati, akaigeuzageuza kiganjani.

"Hivi mama yako alifundishwa na nani ufundi huu?"

Zamda alimtazama. "Kumbe si wewe?"