Taa Isiyoona Pikipiki

Mjini Kilangani taa za barabarani zilifungulia njia chuma kizito tu, na chochote kilichopita kwenye nyekundu zilikizima injini papo hapo. Taa hizo hazikuziona pikipiki. Kwa hiyo Bi Mwanakheri, muuza maandazi wa pale njia panda, alizoea kuweka karai lake la akiba kando ya pikipiki iliyokwama, ili taa idhani ni gari.

Asubuhi moja Shukuru alisimama hapo na pikipiki yake, amempakia mkewe mwenye uchungu wa kuzaa.

"Bibi, inakataa."

"Tulia, baba. Na wewe binti, pumua, usimtazame huyu."

Akaweka karai. Taa haikubadilika, ilikwishaujua ujanja huo. Basi akalikumbatia, akatembea nalo polepole hadi kwenye mstari, kama gari linalofika. Kijani kikawaka.

"Nendeni," alisema, nao wakaenda.

Jioni, Bi Mwanakheri alipotaka kuvuka kwenda kwake, mikono mitupu, taa ikawaka nyekundu. Ikamwambia kwa upole, "Gari, subiri."

Barabara ilikuwa tupu. Bi Mwanakheri hakuinua mguu, maana hakujua kwake yeye taa ingezima nini.