Nyumba ya Mwisho wa Bomba

Sheria haikuwa na huruma: injinia kijana hagusi pampu ya maji safi mpaka aishi mwaka mzima katika nyumba ya mwisho wa bomba. Kwa Bibi Nyamizi, mwenye nyumba hiyo, walipita kumi na wanane, wote wakajua kuoga kwa kata moja ya maji.

Leo alikuja Kashindye, wa kwanza wao, sasa mkuu wa kituo.

"Bibi, bomba limevuka kilima. Wewe si wa mwisho tena. Utapata maji tele!"

"Na mwanafunzi wangu wa mwaka huu?"

"Atakaa huko ng'ambo, kwenye nyumba mpya ya mwisho."

"Wewe uliyelilia ndoo tupu, leo waniletea mafuriko!"

Wakacheka.

Kashindye alipoondoka, bibi alifungua koki. Maji yakaja kwa kishindo. Akaikaza mpaka yakabaki matone kama zamani, kisha akaenda kutandika kitanda cha mwanafunzi ajaye.