Abee, Mama

Alasiri ile spika ilimwita tena Mwanaidi kwa sauti ya mama yake, na Rukia, mama mwenyewe, alikuwa amesimama pale pale kafumba mdomo. Mtoto akaja mbio. Rukia akamrudisha uani kucheza, kisha akampigia simu shemeji yake Kombo, aliyewaletea kile kidude cha kuamrishwa kwa mdomo.

"Shem, bonyeza kitufe cha chini, usiachie mpaka taa iwe nyekundu," alisema Kombo. "Itasahau kila kitu. Majina yenu, sauti zenu, vyote."

Alibonyeza mpaka kidole kikamuuma. Taa ikawa nyekundu, ikazimika. Roho yake bado haikutulia, akachomoa na waya ukutani, akaipakata spika kama mtoto mchanga. Ilikuwa na joto.

Kilichomtia hofu zaidi ni malezi yake mwenyewe. Mwanaidi alifundishwa asingoje kuitwa mara mbili. Akisikia jina lake huacha alichoshika, huitika, na huja bila kuuliza.

"Mwanaidi!"

Ilikuwa sauti ya Rukia, tamu, isiyo na haraka. Haikutoka mapajani pake. Ilitoka stoo, mwisho wa ukumbi, ambako hapakuwa na mtu.

"Abee, mama!" mtoto aliitika kutoka uani.

Rukia alifungua kinywa amzuie. Sauti yake haikuwamo tena. Akajaribu tena, akashika koo.

Nyayo ndogo zikapita mlangoni zikikimbia, na huko mwisho wa ukumbi bawaba za stoo zikalia.