Chokaa Mgongoni

"Mpira uliingia," binti yangu, golikipa wetu, alimwambia refa aliyekuwa mbali na goli. Wazazi wa upande wetu wakaguna kana kwamba katukana.

Alikuwa ameudaka akaanguka chali. Mstari wa goli, uliochorwa kwa chokaa asubuhi, ulikuwa umemwachia alama mgongoni, juu kidogo ya bukta. Kuanzia hapo kwenda juu, pamoja na mpira aliokumbatia, alikuwa ndani ya goli.

"Kachanganyikiwa huyu," alisema kocha, ambaye ni mume wangu. Huyu huyu anayewavuta wanangu masikio wakikana kulamba sukari! Akamkumbatia mtoto kama anayembembeleza, huku kiganja kikimpangusa mgongo haraka haraka.

"Haya mwanangu, mwambie refa. Uliingia?"

Binti yangu aliwatazama wenzake, akainamisha kichwa. "Haukuingia."

Wakashangilia, watu wazima na ndevu zao.

Damu ilinichemka. Niliingia uwanjani, nikamkamata mume wangu mkono.

"Kwani wewe uko upande gani?" alininong'oneza, amekunja ngumi.

Nilimkunjua kidole kimoja kimoja, mpaka chokaa ikaonekana kiganjani, refa akitazama.